Moto wa kuota: nyumba za milimani Lushoto na kuni zake

Sisi tuliozaliwa Tanga mjini tukisikia kuni tunafikiria chungu. Kuni ni za pilau ya shughuli, za kuchemshia maji msibani, za bibi asiyetaka kusikia habari ya mchuzi wa nazi uliopikwa kwa gesi. Zikikosekana, vipo vifuu na makumbi ya nazi, na sufuria itachemka tu. Habari ya kuwasha moto ili mwili upate joto haipo kwetu. Usiku wa Februari pale Makorora mtu anatandika mkeka barazani atafute upepo wa bahari. Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nikaishi na watu ambao kuni kwao ni za kulalia kwanza, za kupikia baadaye.

Kwao mume wangu ni juu ya Lushoto, upande wa Magamba. Ukitoka Tanga unapita Muheza, Segera na Korogwe, na mpaka Mombo bado uko nyikani, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, madirisha ya basi wazi na watoto wanalia maji. Pale Mombo barabara inakata kulia na kuanza kupanda kona za Soni, na kilomita 30 na kitu mbele uko Lushoto mjini, mita 1,400 hivi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi joto 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo aliyepanda basi na kanga nyepesi anashuka akiulizia sweta. Na kwa wakwe zangu ni juu zaidi ya hapo. Kilele cha Magamba kina mita 2,230. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu unashuka alasiri, nguo zinakaa kambani siku nzima bila kukauka, na usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtu wa pwani anaweza kuishi nchi hii miaka yote asijue kwamba mkoa wake mwenyewe una baridi ya namna hiyo.

Naandika kwa sababu kila tunapozungumza nishati tunazungumza kupika. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri na naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeona macho ya mama mkwe wangu na nimesikia kifua chake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na vumbi la majikoni viliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hilo si jambo la kupuuza. Lakini mkakati ni wa kupikia, kama jina lake linavyosema, na kule milimani moto una kazi mbili, kupika na kuupasha mwili joto. Ukiiondoa ile ya kwanza bila kuuliza ya pili itafanywa na nini, watu hawakai na baridi. Wanatafuta njia, na njia waliyoipata wengi ni ya hatari kuliko mafiga.

Tunaambiwa wanaowasha kuni ndani wanafanya hivyo kwa umaskini au kwa kukosa elimu. Nimekaa nao vya kutosha, sikubali. Hakuna familia iliyokaa kikao ikaamua kuota moto wa kuni. Walifika hapo polepole, kupitia nyumba walizojenga, miti waliyopanda mipakani, na bati.

Nianze na bati, maana hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Mama mkwe amenisimulia mara nyingi nyumba ya bibi yake. Ilikuwa ya duara, ya miti na udongo, imeezekwa nyasi nene hadi karibu na ardhi. Mafiga yalikuwa ndani, katikati. Mbuzi walilala humo humo, upande mmoja, na mwili wa mbuzi una joto lake. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa mahindi na kuni. Moshi haukuwa na mlango wake. Ulipanda, ukazunguka, ukajipenyeza kwenye nyasi ukatoka. Ulitesa macho, lakini ulikausha mahindi na kuwafukuza wadudu, na nyasi za paa zilidumu. Na kwa kuwa nyasi nene hazipitishi joto kwa urahisi, gogo moja lililoachwa likiungua taratibu lilitosha kwa usiku mzima. Watoto walilala wameelekeza miguu motoni.

Baadaye zikaja fedha za kahawa na mboga, na kila mwenye uwezo akajenga nyumba ya pembe nne ya matofali ya kuchoma, akaezeka bati. Nani angekataa? Bati halivuji, halishiki moto kwa cheche, halitaki kuezekwa upya. Nyumba ya bati ni heshima. Lakini nyumba nzuri ya ukuta uliopakwa chokaa haiingizwi moshi, kwa hiyo jiko likatolewa nje, likajengewa kibanda chake upande wa pili wa ua. Mbuzi nao wakatoka. Ikabaki nyumba ya vyumba vinne isiyo na moto wala dari, na juu yake karatasi ya chuma ambayo jua likizama inapoa kama mawe ya mtoni. Alfajiri ya Julai, pumzi za waliolala zinagonga bati zinageuka maji, na matone yanadondokea mablanketi. Nimelala humo na blanketi tatu na mtoto katikati, na bado nikawa nasubiri kukuche.

Basi watu wakafanya nini? Wakahamia kibandani. Ukifika kwa wakwe zangu jioni ya kipupwe, sebule ya makochi na vitambaa vya kufuma iko tupu. Wote wako jikoni, kwenye vigoda na ndoo zilizofunikwa, magoti yao kwenye mwanga. Hapo ndipo mahindi yanachomwa, hapo ndipo mtoto anafanya mazoezi ya shule, hapo ndipo posa inazungumzwa. Nyumba kubwa ni ya wageni na ya picha za harusi. Na wazee wengi wa kijiji, pamoja na mama mkwe, wana kitanda chao jikoni. Mgeni akiona mzee analala jikoni anafikiri ametupwa. Nilipomuuliza kama hataki chumba, akanijibu, "Mwanangu, chumba ninacho. Lakini moto uko huku."

Nataka msomaji auone moto huo kwa karibu, kwa sababu ni kazi ya ufundi. Baada ya chakula mama haongezi kuni nyingi. Anaacha gogo moja nene la mwati, ncha yake imegusa makaa, na kila baada ya muda analisukuma ndani kidogo kwa mguu. Usiku ukikolea anayakusanya makaa katikati ya mafiga na kuyafukia kwa jivu, jivu jingi, mpaka huoni wekundu hata kidogo. Jivu linazuia hewa isifike sana, makaa yanakula kidogo kidogo. Pembeni, sufuria iliyofunikwa imewekwa igusane na jivu. Adhana ya alfajiri ikilia, maji ya udhu ni ya vuguvugu. Anafukua makaa kwa kijiti, anaweka maganda makavu ya mwati na vijiti, anapuliza mara mbili tatu, moto huo. Hatumii kiberiti. Joto la mwili, maji ya udhu, chai ya asubuhi na mahindi ya mbegu yaliyo kwenye uchaga vyote vimehudumiwa na gogo moja. Hesabu ya namna hiyo haimo kwenye takwimu za kupika.

Sasa wale wenye vyumba ambao hawataki kulala jikoni, vijana, wageni, maharusi, wao wana jiko la mkaa. Hapa naomba tusimame kidogo.

Jamaa wa mume wangu walikuja kutoka Dar es Salaam kwa msiba, mwezi wa saba. Walipewa chumba kizuri kuliko vyote nyumbani, chenye dirisha la kioo na mlango unaobana. Baridi iliwashinda. Wakachukua jiko la mkaa lililokuwa limeshamaliza kupika nje, makaa mekundu, hayana moshi hata chembe, wakaliingiza ndani, wakafunga dirisha, wakaziba chini ya mlango kwa kanga. Usiku wa manane mtoto alianza kutapika. Mama yake alitaka kuinuka miguu ikakataa. Aliyewaokoa ni shangazi aliyekuwa ameamka kwenda msalani akasikia mtoto analia kilio kisicho cha kawaida, akasukuma mlango. Walikaa nje kwenye ukungu mpaka asubuhi, vichwa vinawapasuka, na zahanati wakaambiwa wamepona kwa bahati. Wengine hawajawahi kupata shangazi wa kufungua mlango.

Mkaa unaaminika kwa sababu hauna moshi, na hapo ndipo ulipo mtego wake. Unapoungua bila hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Damu inazunguka lakini haibebi kitu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mzito, na huo usingizi ndio unaoua, kwa sababu aliyelala hajui kwamba anatakiwa kuamka. Moshi wa kuni angalau unakuchoma macho, unakufukuza. Mkaa unakubembeleza. Kama unasoma haya na una ndugu Lushoto, Bumbuli, Mlalo au sehemu yoyote ya baridi, mwambie leo: jiko la mkaa halilali na watu chumbani, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.

Na mkaa wenyewe unakula msitu kuliko kuni. Katika tanuri la kufukia kwa udongo, kilo 1 ya mkaa inaondoka na kilo 5 mpaka 10 za kuni. Aliyeota gunia la mkaa ameota lundo kubwa la miti, na joto la sehemu kubwa ya lundo hilo lilipotelea porini siku ya kuchoma.

Kuni za mama mkwe hazitoki msituni, na hili nalo watu wa mjini hawalijui. Msitu wa Usambara ni sehemu ya safu ya milima ya Tao la Mashariki, una mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani, na ulishaliwa kwa shoka kubwa zaidi ya la bibi mwenye mtandio. Wajerumani walipoifanya Lushoto kituo chao, wakaiita Wilhelmstal, walipanda huku kwa kuipenda baridi hii hii, na walipofika Shume, huko huko milimani, waliona miti ya mbao, mtarakwa na mkulo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na waya wa kuteremshia mbao kutoka juu ya milima mpaka Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Mkulo ule ulikuwa mti wa karne na karne. Baadaye Shume likawa shamba la miti ya kigeni, misonobari na misaipresi, na mpaka leo ni Shamba la Miti la serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, huku Magamba ikiwa hifadhi ya mazingira asilia.

Kuni za nyumbani ziko mpakani mwa shamba. Mwati na mgrevilea wote asili yao ni Australia, na mkaratusi vilevile, lakini zimekuwa kuni za Kisambaa kabisa. Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo mseto, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani, na moja ya mafundisho yake ilikuwa kupanda majani ya guatemala na miti kwa kufuata kontua, yaani mistari inayokingama mteremko, ili udongo usiteremke na mvua. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa miongoni mwa waliopanda. Alichofikiria yeye ni udongo na mbao. Kilichotokea ni kwamba mgrevilea unapunguzwa matawi kila mwaka ili usilitie shamba kivuli, na matawi hayo ndiyo moto wa familia mpaka leo. Familia nyingi zilifika kwenye kuni zake kwa mlango huo: walipanda mti kwa sababu moja, wakaota kwa sababu nyingine.

Mkaratusi una mgogoro wake. Unachipua ukiukata, unakua haraka, viwanda vya chai vinaununua kukaushia majani, lakini unakunywa maji, na kijijini ugomvi wa mikaratusi juu ya chemchemi haujaisha tangu nimjue mume wangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mimi niko upande wa chemchemi.

Kuna jambo jingine linanikera nami nitalisema. Kwenye mashamba mengi ninayoyajua, mti ni wa mwanamume na tawi kavu ni la mwanamke. Mwati ukisimama ni mali ya baba au ya kaka; mke anaruhusiwa kuokota kilichoanguka na kukwanyua kilichokauka, lakini kuangusha mti mzima mpaka aombe. Matokeo yake anayejua baridi ya Julai, anayeamka saa kumi usiku kuchochea moto, hana kauli juu ya mti upi ukatwe na lini. Na lini ndilo swali lenyewe, kama nitakavyoeleza.

Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 1 ya kuni iliyokauka kabisa ina nishati ya megajuli 18 hivi, lakini kila lita ya maji iliyomo inakula karibu megajuli 2.6 kupashwa na kugeuzwa mvuke kabla hujapata joto lolote mwilini. Na hasara kubwa si hiyo tu. Mvuke unapoza moto wenyewe, gesi za kuni zinashindwa kuungua, zinatoka kama moshi mzito, ule unaoganda mweusi kwenye dari na kwenye mapafu. Sehemu kubwa ya moshi unaolaumiwa mafiga ni moshi wa kuni mbichi. Kuni zinatakiwa zishuke chini ya asilimia 20 ya maji, na Lushoto, nchi ya ukungu, hazifiki huko kwa kutupwa uani.

Mama mkwe hana kipimo cha unyevu, ana kalenda. Kuni za Juni zinapasuliwa Januari, baada ya vuli na kabla masika hayajafunga, wakati jua linawaka sawasawa. Zinapasuliwa siyo kukatwa tu, kwa sababu ganda linafunga maji ndani. Gogo la duara litakaa mwaka na bado likilia motoni. Zinapangwa chini ya upenu, upande unaopata jua la asubuhi, juu ya mawe ili zisinyonye unyevu wa ardhi, na kati ya mstari na mstari anaacha nafasi ya hewa kupita. Masika yote zinakaa hapo. Zikibaki siku chache kabla ya kutumika zinapanda uchagani juu ya moto. Ukitaka kujua kama zimekauka, tazama kichwa cha kuni kama kina nyufa za kutoka katikati kama jua la mtoto wa chekechea, halafu gonganisha mbili. Mbichi hutoa mlio uliozibwa; kavu zinalia kwa ukali. Mwaka ambao shemeji alichelewa kukata mwati mpaka Aprili, nyumba nzima ilikohoa mpaka Septemba. Ndiyo maana nasema mwenye kauli juu ya shoka awe yule anayelala jikoni.

Wasio na miti wananunua mabanzi. Mashine za mbao zinabakiza yale maganda ya kando ya gogo, na utayaona yamerundikwa kwenye toyo yakipanda mlima. Mabanzi ya msonobari yanashika haraka na kuisha haraka, na utomvu wake unarusha cheche, si moto wa kulala nao. Maranda nayo yana kazi. Wanachukua debe, wanalitoboa tundu chini ubavuni, wanasimamisha chupa katikati na kupitisha kijiti kwenye tundu kikutane na chupa, halafu wanajaza maranda makavu wakiyashindilia kwa ngumi. Chupa inachomolewa kwa kuzungushwa polepole, kijiti kinatolewa, linabaki bomba la hewa ndani ya maranda. Moto unawashwa chini na unakula kutoka ndani kwenda nje kwa saa nyingi bila kuguswa. Ni ubunifu mzuri sana, lakini likiwekwa chumbani linatoa gesi ile ile ya mkaa. Liwe chini ya paa lenye uwazi.

Na gesi je? Mtungi upo. Sisi watoto tulichanga tukampelekea, na anaupenda kwa chai ya asubuhi na uji wa mjukuu. Lakini tupige hesabu. Kilo 1 ya gesi ya mtungi ina megajuli 46 hivi, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 una megajuli 276, sawa na kuni kavu za kawaida kilo 18 au 19. Kwa kupika hiyo ni akiba kubwa, kwa sababu jiko la gesi linapeleka joto kwenye sufuria, wakati mafiga ya wazi yanapeleka sehemu kama moja ya kumi tu. Lakini mtu anayeota anataka zile sehemu tisa zilizokosa sufuria. Kwa kuota, mtungi ni kilo 18 za kuni tu, na jioni chache za Julai zinaumaliza.

Umeme umefika kijijini, alhamdulillahi. Hita ndogo ya wati 1,500 ikiwaka saa 4 inakula uniti 6. Mteja wa bei nafuu, wa D1, ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Hita peke yake ingezimaliza ndani ya siku 13, taa na simu bado, halafu anahamishiwa bei ya juu. Sioni bibi yeyote wa Magamba akikubali biashara hiyo, wala mimi nisingemshauri.

Kwa hiyo kuni zitaendelea kuwepo milimani kwa muda, na kazi iliyo mbele yetu ni kuutenganisha moto na moshi, na kuzuia joto lisikimbie. Nyumba za zamani za misheni na za wazungu pale Lushoto zina mahali pa moto ukutani na dohani kubwa ya mawe. Wageni wanazipenda, zinapendeza, lakini moto wa wazi chini ya dohani unapeleka sehemu kubwa ya joto lake juu angani na kuivuta hewa ya baridi iingie kwa milangoni. Jiko lililofungwa, lenye mlango wa chuma na tundu la kurekebisha hewa, linabakiza ndani zaidi ya nusu ya joto la kuni zile zile. Mafundi wetu wa majiko banifu wanajua kazi ya dohani. Wamejenga mengi mashuleni na majumbani. Kinachokosekana ni kuwaambia jiko hilo lijengwe ukutani, baina ya jikoni na chumba cha kulala, mdomo wake upande wa jikoni na mgongo wake wa matofali manene upande wa kitanda. Linapika upande mmoja, linapasha joto upande wa pili, na moshi wote unaondoka kwa dohani. Matofali yakishashiba joto jioni yanalitoa taratibu mpaka alfajiri. Na kabla ya yote, dari. Dari la mbao au hata la mikeka minene chini ya bati linapunguza kuni zinazohitajika kuliko jiko lolote, lakini sijasikia mradi wa nishati unaogawa dari.

Shemeji wangu mdogo anajenga mwaka huu, na familia imemkubalia jiko la ukutani. Ubishi uliobaki ni wa fundi, ambaye anasema dohani ikitoboa bati itavuja kila masika, na kweli nimeona nyumba zilizoharibika hivyo. Pendekezo letu ni dohani ipande kwa nje, imeshikamana na ukuta wa mwisho wa nyumba, ipite kando ya bati badala ya kulitoboa, na izidi kimo cha paa ili upepo usirudishe moshi. Mbao za paa zikae mbali nayo kwa upana wa tofali zima. Fundi ameuliza nani atapanda kuisafisha masizi kila mwaka. Ni swali la haki, maana masizi yakijaa yanaweza kushika moto, na tumemwomba aache kitundu chenye mfuniko chini kabisa, ili masizi yatolewe bila mtu kupanda juu ya paa. Anataka kuona kwanza lililojengwa hivyo likafanya kazi. Kama unalijua moja, Lushoto, Korogwe, Njombe au Makete, niandikie lilipo na jina la fundi. Msingi unachimbwa Januari.